Tunahamia mji wa theluji Colorado: je, mtoto aliyepimwa selimundu ataweza?

«Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kirumba hapa Mwanza. Mume wangu ana mwaka wa pili sasa Marekani, anapika katika hoteli moja kwenye mji wa Breckenridge, jimbo la Colorado, ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Viza zetu tumeshazipata na tunatarajia kusafiri mwishoni mwa Novemba. Kila mtu ananitisha kuhusu baridi. Mama mkwe anasema watoto watapata nimonia wiki ya kwanza, na jirani ananishauri niwanyweshe dawa ya kuongeza damu tangu sasa ili wawe na nguvu. Mtoto wangu mkubwa ana miaka 6. Alipokuwa na miezi 10 mikono na miguu ilimvimba akalia siku kadhaa, na akiwa na miaka 3 aliongezewa damu, tukaambiwa ni malaria kali. Mwaka jana alipimwa selimundu, majibu yakawa chanya, lakini nikaambiwa ni mbebaji tu, nisihangaike. Mdogo ana miaka 2 na hajawahi kulazwa. Vipimo vya viza tumefaulu sote. Je, baridi hiyo itawadhuru? Ninunue nguo gani kabla ya kuondoka? Na mume wangu amepata nyumba ya bei nafuu katika mji wa jirani uitwao Fairplay. Tuichukue?»

Mama, umeniuliza kuhusu baridi, na katikati ya swali, kama jambo la kupita tu, ukataja selimundu. Nitaanza na hilo ulilolitaja kwa kupita, kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote, hata hiyo nyumba ya Fairplay. Makoti tutayafikia, na nakuhakikishia kwamba ndiyo sehemu nyepesi ya safari yenu.

Breckenridge iko mita 2,926 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha Mandara, ambako wapandaji wa Kilimanjaro wanaopitia njia ya Marangu hulala usiku wao wa kwanza, kiko kwenye mita 2,700 hivi. Mume wako, kwa hiyo, anaamka, anapika na kulala mahali palipo juu zaidi ya Mandara. Sisi wa Mwanza si watu wa pwani, maana uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko zaidi ya mita 1,130, na hilo linawapa ninyi nafuu kidogo kuliko mtu anayetoka Dar es Salaam au Tanga. Ningependa pia uelewe kwamba theluji na mwinuko ni mambo mawili tofauti, ingawa watu huyachanganya. Mji wa Chamonix nchini Ufaransa, ambao ni maarufu mno kwa michezo ya theluji, uko mita 1,035, yaani chini ya Kirumba kwako, na kijiji cha Whistler nchini Kanada kiko chini ya mita 700. Lau mume wako angepata kazi katika miji hiyo, jibu langu lingekuwa fupi sana.

Husemwa kwamba huko juu hewa haina oksijeni. Si hivyo. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, karibu asilimia 21, iwe ufukweni mwa ziwa au kileleni Uhuru. Kinachopungua kadiri unavyopanda ni mgandamizo wa hewa yote, na mgandamizo ukipungua, kila pumzi huingiza hewa chache zaidi kifuani. Ukilinganisha na Mwanza, pumzi moja ya Breckenridge hubeba oksijeni pungufu kwa takribani moja ya tano. Mwili wa mtu mzima wa afya huligundua hilo mara moja: huanza kupumua haraka na kwa kina, moyo huongeza mapigo, figo hurekebisha kemia ya damu kwa siku chache, na baada ya majuma kadhaa chembe nyekundu za damu huwa nyingi zaidi. Katika siku mbili tatu za mwanzo wengi huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula, huchoka na kulala vibaya, kisha hali hupita.

Sasa tuje kwa mtoto wako mkubwa. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Aliyerithi himoglobini ya aina ya S kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mbebaji, na sisi humwandika AS; aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ana ugonjwa wenyewe wa selimundu, naye ni SS. Himoglobini S ikikosa oksijeni hugandamana ndani ya chembe na kuikunja kama mundu, ndipo chembe hizo ngumu zinapokwama katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita.

Kipimo alichofanyiwa mwaka jana, kwa jinsi ulivyokieleza, huenda ni kile kinachofanyika katika zahanati na vituo vingi vya afya. Tone la damu huwekwa kwenye kioo, hutiwa kemikali inayoinyang'anya damu oksijeni, hufunikwa kwa kioo kingine chembamba ili hewa isiingie, na baada ya muda mtaalamu wa maabara hutazama kwenye darubini kuona kama chembe zimejikunja. Zikijikunja, majibu ni chanya. Kipimo hicho hakidanganyi, lakini kinajibu swali moja tu, nalo ni kama himoglobini S imo au haimo. Hakisemi ni kiasi gani. AS na SS wote hutoka chanya. Aliyekuambia mtoto ni «mbebaji tu» kwa kutegemea kipimo hicho peke yake alisema neno ambalo karatasi yenyewe haikulisema.

Na tazama kemikali ile ilichofanya pale kwenye kioo: iliiondolea damu oksijeni, chembe zikajikunja. Mwinuko huisogeza damu upande huo huo, ila ndani ya mwili, na polepole. Kwa mbebaji, himoglobini S kwa kawaida haifiki nusu ya himoglobini yake yote, kwa hiyo damu yake hustahimili, na wabebaji wengi mno huishi milimani bila kujua kwamba ni wabebaji. Kiungo ambacho hasa huweza kuwaponza huko juu ni bandama, kwa sababu humo damu hupita taratibu na oksijeni hushuka sana. Mara chache mbebaji anayepanda ghafla, hasa akiwa amejichosha na kupungukiwa maji, hupata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto kwa sababu sehemu ya bandama imekosa damu. Kwa mwenye SS hesabu ni nyingine kabisa. Yeye hata hapa ziwani chembe zake hujikunja. Kumpandisha hadi mita 2,900 ni kumwongezea mzigo usiku na mchana, akilala na akicheza.

Siwezi kumpima mtoto kwa kusoma maandishi. Lakini kuvimba mikono na miguu yote kabla hajatimiza mwaka, kwa mtoto wa Kanda ya Ziwa, ni dalili inayotufanya tufikirie selimundu kabla ya kitu kingine chochote. Kuongezewa damu kwa sababu ya malaria kunaweza kuwa kulitokana na malaria kweli, ila mtoto wa SS akipata malaria damu humwishia haraka kuliko wenzake, kwa hiyo historia hiyo nayo hainitulizi. Kumbuka pia mahali tunapoishi. Mbebaji hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kinasaba hiki kimeshamiri ukanda huu: uchunguzi wa watoto wachanga katika mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania ulionyesha kwamba takribani mmoja kati ya watano ni mbebaji, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Ukinitaka nikisie, mama, nisingelitumia hilo neno «tu».

Kwa hiyo kabla hujanunua soksi hata jozi moja, nenda ukaombe kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kinachoitwa elektroforesisi. Damu huwekwa kwenye kifaa chenye mkondo wa umeme, na kwa kuwa S husafiri polepole kuliko A, majibu huonyesha ni aina zipi zipo na kwa kiasi gani. Hapa Mwanza, Hospitali ya Bugando ina kliniki ya watoto wenye selimundu, na huko ndiko ningekupeleka. Kipimo hiki huvurugika ikiwa mtoto ameongezewa damu ndani ya miezi mitatu au minne iliyopita, kwa sababu utakuwa unapima damu ya mchangiaji. Kwa mtoto wako imeshapita miaka, kwa hiyo majibu yataaminika. Mpime na mdogo. Kutolazwa hakumaanishi kuwa hana. Nawe pia upimwe.

Usijifariji kwa vipimo vya viza. Vile vinatafuta kifua kikuu na magonjwa mengine machache ya kuambukiza, na huangalia chanjo. Selimundu haimo katika orodha yao, kwa sababu haimwambukizi mtu.

Tuseme majibu yanarudi AS. Nendeni, ila msipande kwa mkupuo. Ndege yenu itatua Denver, mji ulio mita 1,609. Laleni hapo usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda. Mkifika juu, siku tatu za kwanza ziwe za utulivu, bila mbio na bila kuteleza kwenye theluji, na watoto wanywe maji mara kwa mara hata wasipoona kiu, kwa sababu hewa ya huko ni kavu mno na mtu hupoteza maji kwa kupumua tu. Kuna dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko iitwayo asetazolamaidi, lakini si ya kuinunua mwenyewe dukani na kumpa mtoto. Mwache daktari aliyemwona aamue.

Tuseme majibu ni SS. Hapo maoni yangu ni kwamba mtoto asihamie Breckenridge. Najua neno hilo ni zito kwa familia iliyotengana karibu miaka miwili, lakini kulificha kungekuwa kukudanganya. Majibu hayo, kwanza, yangetufundisha kwamba wewe na mume wako nyote mnabeba kinasaba, na kwamba yeye amekaa juu kwa karibu miaka miwili akiwa mbebaji bila shida. Hiyo ni habari njema kwake, ila haimhusu mtoto, kwa sababu mtoto angekuwa na kitu ambacho baba hana. Pili, kutohamia Breckenridge si sawa na kutohamia Marekani.

Njia ambayo ningeipendelea ni kukaa Denver au kitongoji chake cha Aurora. Kutoka Mwanza hadi Denver mwinuko unaongezeka kwa mita zisizofika 500, na watoto wengi wenye selimundu wanaishi huko chini ya uangalizi mzuri, kwani Aurora, kwenye kampasi ya Anschutz, kuna kituo maalumu cha tiba na utafiti wa selimundu. Gharama yake ni kwamba Breckenridge iko kilomita 130 hivi kutoka Denver, na barabara hupita kwenye handaki la Eisenhower lililo mita 3,400, ambalo wakati wa theluji foleni yake si ya kawaida. Mume wako angelazimika ama kutafuta jiko lingine mjini Denver, ama kuishi mlimani siku za kazi na kushuka siku za mapumziko. Mpishi mwenye uzoefu wa hoteli hakosi kazi katika jiji kubwa, ingawa kodi za Denver nazo si za kuchekea. Mtoto mwenyewe asipelekwe «kumsalimia baba» mlimani, hata kwa siku moja, kabla ya kumuuliza daktari wake.

Njia nyingine, ambayo wahamiaji wengi hawaifikirii, ni kubadilisha mlima. Ikiwa mume wako ana ukaazi wa kudumu na si kibali kilichofungwa kwa mwajiri mmoja, ujuzi wake unahitajika katika kila mji wa theluji. Mji wa Stowe katika jimbo la Vermont, kwa mfano, uko mita 220 tu. Baridi yake ni kali, tena yenye unyevu, na baridi huamsha maumivu ya selimundu. Kwa hilo mama mkwe wako angekuwa amegusa ukweli, ingawa kwa sababu nyingine. Lakini baridi huvaliwa koti, mwinuko hauna koti.

Njia ya tatu iko magharibi mwa Breckenridge: ukishavuka mlima wa Vail, bonde linashuka hadi miji ya Eagle, mita 2,012, na Gypsum, mita 1,924. Mtoto aliyeanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, na hali yake ikatulia, daktari bingwa anaweza akamkubalia kuishi huko. Mwingine asimkubalie. Mimi ningetaka kwanza aanze dawa hapa Mwanza na aangaliwe kwa miezi kadhaa, na hiyo ndiyo njia ya kuchelewesha safari. Ukiifikiria, tazama tarehe ya mwisho ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza, maana viza za ukaazi hazisubiri milele. Hayo ya viza si fani yangu, muulize anayeyajua.

Na Fairplay? Hapana, hata kama watoto wote wawili watakuwa salama. Fairplay iko juu zaidi ya Breckenridge, mita 3,033, na ili kufika kazini mume wako angevuka kila siku njia ya mlima wa Hoosier, mita 3,518, gizani na kwenye theluji. Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Sisi tumezoea kwamba kadiri unavyotoka katikati ya mji kodi inapungua, na kinachoongezeka ni nauli ya daladala tu. Huko nyumba za kupanga ni chache na ghali kwa sababu nyingi ni za watalii, hivyo wafanyakazi husukumwa pembeni, na «pembeni» kwa upande wa kusini ni juu zaidi: Fairplay, Alma, na Leadville ambayo inakaribia mita 3,100. Ukiangalia bei peke yake utajikuta unaupeleka mwili mahali usipokusudia. Kama mtaishi eneo la Breckenridge, mume wako aulize kwanza kama mwajiri ana nyumba zinazopokea familia, kwa sababu nyingi ni vyumba vya kuchangia watu wasio na watoto, kisha atazame Silverthorne na Frisco, ambazo ziko chini kidogo na zimeunganishwa kwa mabasi ya kaunti yasiyotoza nauli. Hospitali ya eneo hilo iko Frisco, na kwa mwenye watoto wadogo ukaribu huo una thamani yake.

Turudi kwenye baridi yenyewe. Usiku wa Januari, Breckenridge hushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, na theluji huweza kuanguka kuanzia Oktoba hadi Mei. Lakini hewa ya baridi haimpi mtoto nimonia. Nimonia huletwa na virusi na bakteria, na majira ya baridi huvieneza kwa sababu watu hujifungia ndani pamoja, madirisha yamefungwa na hewa imekaushwa na mitambo ya kupasha joto. Kinga ya kweli ni chanjo: hakikisha za watoto zimekamilika, ikiwamo ya nimonia, na wapewe ya mafua mara mnapofika. Mkubwa akiwa SS, daktari atamwongezea chanjo nyingine, kwa sababu bandama yake huenda haifanyi kazi tena.

Jeraha la baridi ni jambo jingine, na hilo nalichukulia kwa uzito kwa watu wetu. Tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa vidole na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao walio katika mazingira yale yale, kwani mishipa ya vidole vyao hujibana kwa nguvu na huchelewa kufunguka. Mfundishe mtoto kwamba vidole vikianza kufa ganzi anarudi ndani, haombi dakika tano zaidi. Ukiona ngozi imekuwa ngumu na imepauka, usiisugue wala usiisogeze kwenye moto. Mwingize ndani, mvue vilivyolowa, tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko chako kinayastahimili, na umpeleke hospitali.

Nguo usinunue nyingi hapa. Makoti mazito ya mitumba ya soko la Mlango Mmoja yanavutia bei, na baadhi yake huenda yalitoka huko huko mnakokwenda, lakini mengi yameshalala na hayashiki joto. Nunua ya kuwafikisha tu: sweta nzuri, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio. Yaliyobaki mtapata huko katika maduka ya nguo zilizotumika, ambako nguo za watoto za theluji huuzwa zikiwa bado nzima kwa sababu watoto hukua. Vaeni tabaka mbili tatu nyembamba badala ya moja nene, na ile inayogusa ngozi isiwe pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi. Miwani ya jua nayo ni ya lazima: theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayochoma, na macho ya mtoto huungua bila yeye kujua hadi jioni. Paka mafuta mazito ya mgando mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Na maharage yatakuchosha, maana maji huko huchemka kwenye nyuzi 90 hivi; beba sufuria ya presha.

Dawa ya kuongeza damu aliyoitaja jirani, usiwape. Mwili wenyewe hutengeneza chembe zaidi kwa agizo la figo ukishafika juu, na madini ya chuma humsaidia yule tu ambaye yamempungukia. Kwa mtoto mwenye SS chuma kinaweza kulundikana mwilini bila faida. Anachohitaji ni foliki asidi, kwa maelekezo ya kliniki.

Kuna mambo mawili mtakayoyabeba kutoka ziwani bila kujua. Moja ni malaria. Vimelea mlivyoambukizwa na mbu wiki ya mwisho hapa vinaweza kuleta homa wiki chache baadaye, pengine hata zaidi, katika mji ambao kila mwenye homa huhesabiwa ana mafua. Daktari wa huko hatafikiria malaria usipoitaja. Ndani ya miezi mitatu ya kwanza, homa yoyote, ingia ukisema: tumetoka Mwanza, Tanzania, naomba kipimo cha malaria leo. La pili ni kichocho. Kama watoto wamewahi kuoga au kucheza ziwani, wapimwe na watibiwe kwa prazikwanteli kabla ya kuondoka. Hapa dawa ni rahisi na kila mganga anaijua, wakati huko unaweza kuhangaika miaka na maumivu ya tumbo yasiyo na jina. Mkirudi likizo baada ya mwaka au miwili, kinga yenu dhidi ya malaria itakuwa imepungua, kwa hiyo chandarua na dawa za kinga vitawahusu kama vinavyomhusu mgeni.

Likizo hiyo ina hatari nyingine ambayo wazazi wa milimani huifahamu kwa kuumia. Mtoto aliyezoea mwinuko akishuka kwa wiki kadhaa kisha akarudi juu, anaweza kujaa maji mapafuni ndani ya siku mbili tatu, hasa akiwa na mafua. Huonekana kama kikohozi cha kawaida, lakini anapumua haraka akiwa amekaa tu, anachoka kupita kiasi, midomo inabadilika rangi. Huyo hapelekwi hospitali kesho, anapelekwa sasa hivi.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingoji asubuhi. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, kwa yeyote kati yenu. Kichwa kinachouma kikiambatana na kuyumba au kuchanganyikiwa. Kwa mtoto mwenye SS, homa ya nyuzi 38 na nusu au zaidi, kupauka ghafla, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au bandama iliyovimba. Kliniki ya Bugando wakufundishe kuipapasa: mtoto analala chali, magoti yamekunjwa ili tumbo lilegee, nawe unaanzia karibu na kitovu ukipandisha ncha za vidole taratibu kuelekea mbavu za kushoto, huku yeye akivuta pumzi ndefu. Kitu kigumu chenye ukingo kikikutana na vidole vyako, na jana hakikuwapo, mchukue mtoto uende hospitali.

Wiki hii, basi, nenda kliniki na watoto wote wawili, beba kadi zao za kliniki tangu kuzaliwa, karatasi ya kipimo cha mwaka jana na cheti cha ile siku alipoongezewa damu kama bado unacho. Mume wako asisaini mkataba wa nyumba yoyote hadi majibu yatoke, na yakitoka, omba nakala yake kwa Kiingereza, iliyogongwa mhuri, uiweke pamoja na hati za kusafiria kwenye begi la mkononi.